Kidonge au malezi: kisa cha mvulana wa gredi ya pili, Mombasa

Mama yake alikuja na daftari la hesabu ndani ya mkoba. Alilifungua hata kabla hajaketi sawasawa. Ukurasa wa kwanza una hesabu tatu, zote sahihi, tarakimu zimesimama vizuri. Ya nne imeanzwa ikaachwa. Chini yake pamechorwa matatu, magurudumu yote manne, na makanga ananing'inia mlangoni mkono mmoja hewani. Baada ya hapo kurasa sita tupu. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Mvivu. Anaweza akitaka."

"Dada, niambie wewe," mama akasema. "Huyu mtoto ni mvivu?"

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa wazazi. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mama huyo, na mambo madogomadogo nimeyabadilisha ili familia isijulikane. Nakiandika kwa sababu swali lililokuja nyuma ya lile la uvivu ndilo linaloletwa na wazazi wengi: tumpe dawa, au turekebishe malezi? Pia kwa sababu kuna jambo nilichelewa kulifanya, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtoto karibu muhula mzima.

Mtoto alikuwa na miaka saba na miezi minne. Baba yake ni mlinzi Doha, huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Mama hupika mahamri na viazi karai kuanzia saa kumi alfajiri, akauza mbele ya nyumba. Wanaishi na nyanya, mzaa baba, na binti mdogo wa miaka mitatu. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Nyanya alisema ni damu changa, hata baba yake alikuwa hivyo hivyo, mwacheni. Ami yake alisema fimbo haijamkolea. Jirani aliona ni jini, na mtoto akanywa kombe na akasomewa dua. Baba, kwa simu, alisema amesikia huko ughaibuni watoto kama hawa hupewa kidonge wakatulia, aambiwe bei atume pesa. Mama ndiye aliyekuwa na hofu na kidonge. "Nisije nikamfanya zezeta mwanangu," aliniambia.

Sikumpa mtoto jina la ugonjwa. Hiyo si kazi yangu. Niliwapeleka kwa daktari wa watoto mwenye ujuzi wa mambo haya. Yeye alianza na masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huonekana hatii. Akauliza kuhusu usingizi na kukoroma, kuhusu kifafa kile cha kuduwaa sekunde chache bila kuanguka, kuhusu kuzaliwa kwake na malaria kali aliyowahi kuugua. Akauliza pia kama dalili zimekuwapo zaidi ya miezi sita, na kama zinaonekana zaidi ya pahali pamoja, kwa sababu mtoto anayesumbua nyumbani tu, au shuleni tu, huenda anatuambia jambo kuhusu pahali hapo.

Huyu alionekana kote: nyumbani, shuleni na chuoni anakosoma Qur'ani jioni. Hapo chuoni ndipo niliposikia jambo lililonisaidia kuliko fomu zote. Ustadhi alisema mtoto ni mwepesi wa kuhifadhi kuliko wenzake. Akikalishwa mbele, aya moja kwa moja, ustadhi anasoma naye anaitikia kwa sauti, hakosei. Akiachwa peke yake na juzuu kwa dakika kumi, utamkuta dirishani.

Kwa maelezo hayo, na mengine, daktari akasema ni ADHD, hali ya umakini usiodumu pamoja na utundu na pupa zinazopita umri wa mtoto.

Nilimweleza mama hivi, na ndivyo ninavyoamini. Mtoto wako anajua la kufanya, ila hawezi kulishikilia. Ubongo wake hauvutwi na malipo ya mbali. Ukimwambia fanya hesabu zako ufaulu mwisho wa muhula, mwisho wa muhula kwake ni kama nchi nyingine. Akisoma aya akaitikiwa papo hapo, malipo yako puani pake. Dawa iitwayo methilfenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, huzuia kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, zisifyonzwe upesi zikarudi kwenye seli za ubongo zilikotoka, na kazi iliyo mbele ya mtoto ikapata mvuto ambao haikuwa nao. Malezi ya mpango hufanya safari kutoka upande wa pili: yanayasogeza malipo karibu, hadi mtoto ayafikie kwa mkono. Ndiyo maana sipendi vita kati ya hayo mawili. Vyote viwili vinashughulika na tundu lile lile.

Wiki nane za vifuniko vya soda

Miongozo mikubwa ya madaktari, ya Marekani na ya Uingereza, inakubaliana kuhusu watoto wadogo: kabla ya kuingia umri wa shule, anza na kuwafunza wazazi. Kuanzia miaka sita, ule wa Marekani unataka dawa na malezi viende pamoja. Kwa hiyo daktari alimwekea mama yote mawili mezani. Mama akakataa kidonge. Nilimuunga mkono, na sikufanya hivyo kwa kumridhisha tu.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 na William Pelham na wenzake, wa watoto 146 wa miaka 5 hadi 12. Nusu walianza na malezi, nusu wakaanza na dawa, na waliokuwa bado na shida wakaongezewa, ama kile walichoanza nacho ama kile cha pili. Walioanza na malezi walivunja sheria za darasa mara chache zaidi. Lakini kilichonikaa kichwani ni mahudhurio: wazazi walioanza na dawa, walipoambiwa baadaye waje kwenye mafunzo, wengi hawakuja. Mtoto akishatulia kwa kidonge, mzazi aliyechoka haoni kwa nini akakae kwenye kiti cha plastiki saa mbili akijifunza kutoa amri. Nami simlaumu.

Tukaanza na asubuhi, maana ndiyo iliyokuwa vita. Mama alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye karai: "Amka, kaoge, vaa, kunywa chai, usisahau diary!" Hayo ni maagizo matano kwa pumzi moja, kutoka chumba kingine, kwa mtoto anayeweza kubeba moja. Nilimwomba aache mwiko, aende alipo mtoto, amguse begani, amtazame, aseme jambo moja, kisha ahesabu hadi tano kimoyomoyo bila kurudia. Wiki ya kwanza mahamri mawili matatu yaliungua kila siku. Lakini wiki ya pili nilifika kwao mapema nikaona kwa macho yangu. "Baba, vaa soksi." Kimya. Mtoto ameshika soksi moja, anaitazama. Moja, mbili, tatu, nne, akaivaa. "Umevaa soksi kwa neno moja tu. Ahsante baba." Kikaanguka kifuniko cha soda kwenye chupa ya achari, kling! Mtoto akageuka kuangalia chupa, na soksi ya pili akaivaa bila kuambiwa.

Vifuniko viligeuzwa malipo usiku ule ule: vitano, anachagua hadithi ya kulalia, vinane, anakanda unga wa mahamri na mama, kumi, anapiga simu ya video na baba yake robo saa, wao wawili tu. Baba alikuwa ameahidi baiskeli mwezi wa Disemba akiwa na tabia njema. Nilimwomba aiondoe ile ahadi ama ampe baiskeli bila masharti, kwa sababu kwa mtoto huyu Disemba haina nguvu ya kumvalisha soksi mwezi wa Mei.

Kwa makosa ya kuumiza, kama kumpiga dadake, alikalishwa kwenye kigoda karibu na ukuta dakika tano, bila mahubiri na bila kutazamwa. Nyanya ndiye aliyekuwa akimtoa kigodani. Nilimwendea.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Nimelea saba mimi, bila vifuniko."

Nilimwambia ni kweli, na kwamba mmoja wa hao saba, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa kama huyu mjukuu. Alilelewaje? Akanyamaza kidogo, akasema alichapwa sana, na shule akaiacha. Sikuongeza neno. Nilimwomba awe mhesabu wa vifuniko kila usiku, kwa kuwa mama huwa amechoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa isipokuwa yeye, na hesabu yake haikubembelezeka.

Wiki ya tatu mambo yaliharibika. Mtoto alipiga mayowe zaidi ya mwanzo, akavunja kikombe, na mama akanipigia akitaka kuacha. Hili huwa nawatahadharisha wazazi mapema: mtoto aliyezoea kwamba mayowe humaliza agizo, akiona hayamalizi, kwanza huyaongeza. Anayeacha wiki hiyo amemfundisha mtoto kwamba inabidi kupiga mayowe makubwa zaidi. Mama alivumilia. Alikuwa akitia alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku aliyomchapa, na baada ya wiki ya nne kalenda ile ilibaki nyeupe.

Daftari lilibaki tupu

Wiki ya nane nilikuwa na furaha, na mama alikuwa na furaha. Kisha nikaenda shuleni, kwa mara ya kwanza. Hilo ndilo kosa langu.

Mwalimu ana wanafunzi 58. Alinipokea kwa heshima, akafungua droo, akanipa daftari. Mabadiliko hayakuwapo. Hesabu mbili, mchoro, kurasa tupu. Alishangaa kusikia kwamba nyumbani mtoto amebadilika. Alidhani mama anamfichia.

Ningelijua hili mapema kama ningeliutilia maanani vizuri uchambuzi wa Edmund Sonuga-Barke na wenzake wa mwaka 2013. Walikusanya majaribio mengi ya tiba zisizo za dawa, wakatenganisha maoni ya watu waliojua mtoto yuko kwenye tiba na ya wale wasiojua. Kwa waliojua, mafunzo ya wazazi yalionekana kupunguza dalili zenyewe za ADHD. Kwa wasiojua, sehemu kubwa ya nafuu hiyo iliyeyuka. Wengine wameusoma uchambuzi huo kama hukumu dhidi ya malezi. Mimi sikubaliani. Ugomvi nyumbani hupungua kweli, fimbo huwekwa chini kweli, mzazi hupata mkono thabiti, na hayo si mambo madogo kwa mtoto wa miaka saba. Ila umakini anaoukosa akiwa dawati la nyuma, kati ya watoto 58, hautengenezwi na chupa ya achari iliyo jikoni kwa mama yake. Malipo ya jikoni hayaonekani kutoka darasani.

Kinachovuka ukuta huo ni kadi ya kila siku. Ni kipande cha karatasi chenye mambo matatu tu: nimemaliza hesabu tano, nimenyoosha mkono kabla ya kusema, nimebaki kwenye kiti wakati wa kusoma. Mwalimu anatia alama baada ya kila somo, na alama zinageuka vifuniko nyumbani jioni. Inamchukua mwalimu sekunde chache. Ingepaswa kuanza wiki ya pili. Tuliianza wiki ya nane, na ilisaidia kidogo: mtoto alianza kunyoosha mkono. Hesabu hazikufika tano.

Hapo mama mwenyewe aliuliza tena kuhusu kidonge.

Alitaka kujua kama ni dawa mpya wanayojaribia watoto wetu. Nilimwambia methilfenideti ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina Ritalin likatokana na mkewe, Rita. Kabla ya hapo, mwaka 1937, daktari Charles Bradley wa Rhode Island aliwapa watoto 30 dawa ya jamii inayokaribiana nayo, na karibu nusu yao walibadilika sana katika kazi za shule. Dawa hii ina umri kumzidi nyanya.

Kuhusu nguvu yake dhidi ya malezi, jaribio kubwa ni lile liitwalo MTA, la Amerika Kaskazini, lililotoa matokeo mwaka 1999: watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, miezi 14, makundi manne. Moja dawa iliyosimamiwa kwa makini kila mwezi, moja malezi mazito yenye mikutano 35 ya wazazi, kambi ya likizo ya wiki nane na msaidizi darasani, moja vyote viwili, moja huduma ya kawaida ya mitaani. Kwa dalili zenyewe, makundi yenye dawa iliyosimamiwa yalishinda. Kuongeza malezi hakukuongeza sana upande huo, lakini kulisaidia mambo mengine, na watoto wa vyote viwili walitumia dawa kidogo zaidi, wastani wa miligramu 31 kwa siku dhidi ya 38. Jambo ambalo wauza matumaini huliruka ni kwamba karibu theluthi mbili ya watoto wa huduma ya kawaida nao walikuwa wanameza dawa, na bado walibaki nyuma. Walionwa na daktari mara chache, na vipimo vyao vya dawa vilikuwa vya chini. Kidonge bila ufuatiliaji ni nusu ya kidonge.

Daktari alianza na miligramu 5. Aliuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana. Akapima mapigo, shinikizo la damu, urefu sentimita 119, uzito kilo 21.5. Kidonge cha kwanza saa moja asubuhi baada ya chai, cha pili saa nne na nusu wakati wa mapumziko, kikitolewa na mwalimu, kwa sababu aina hii hufanya kazi kama saa nne tu, kisha huondoka.

Siku ya tatu mama alinitumia picha kwa WhatsApp bila maneno. Ilikuwa ukurasa wa daftari. Hesabu kumi, nane sahihi, na hakuna matatu.

Siku kumi na moja

Ningeweza kuishia hapo, na kisa kingependeza. Lakini yaliyofuata ndiyo niliyojifunza zaidi.

Kwanza chakula. Kisanduku cha chakula kilirudi nyumbani kimejaa kila siku, na baada ya wiki tano uzito ulikuwa umeshuka gramu 700. Hamu hupotea dawa ikiwa mwilini, hurudi ikiondoka. Tukahamisha chakula: uji wa wimbi wenye karanga na yai kabla ya kidonge, na chakula kizito usiku, jambo lililo rahisi katika nyumba ya Mombasa inayokula baada ya isha. Nilimwambia mama wazi pia kuhusu kimo, kwamba watoto wa MTA walioanza dawa na kuiendeleza walikuwa wafupi kuliko wasioitumia kwa takriban sentimita 2 baada ya miaka mitatu, na kwamba ndiyo sababu tunampima kila miezi michache.

Pili, saa nane mchana. Dawa ikimtoka mtoto alikuwa analia kwa jambo dogo kwa muda wa nusu saa hivi. Mama alikuwa akimkalisha kwenye kazi ya nyumbani saa hiyo hiyo. Tukaisogeza.

Tatu, na hili ndilo zito: chupa ya achari ilianza kushika vumbi. Wiki ya tatu ya dawa mama hakuja kwenye kikundi cha mafunzo ya wazazi. Ya nne pia. Nilipompigia alisema kwa upole, "Ametulia, dada. Vifuniko vya nini tena?" Nilijua hadithi hiyo, niliisoma kwa Pelham, na bado ilinikuta.

Kisha dawa ikakosekana. Duka la dawa walikozoea kuinunua lilisema shehena imechelewa. Siku kumi na moja. Kufikia siku ya nne mama alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye karai, maagizo matano kwa pumzi moja. Siku ya sita kalenda ilipata alama yake ya kwanza baada ya miezi mingi. Alinieleza akiwa ameinamisha kichwa. Sikumlaumu, ila nilimuuliza: kidonge kinaondoka saa nane mchana kila siku, hata kikiwapo dukani. Saa nane hadi saa tatu usiku, nani anamlea?

Alikaa na swali hilo. Jioni ile nyanya aliiosha chupa.

Baba alinipigia wiki hiyo kutoka Doha, usiku baada ya zamu. Alikuwa amesikiliza yote kwa mkewe. Alisema yeye mwenyewe husahau funguo, hubadilishiwa zamu kwa kuchelewa, na aliacha shule darasa la sita kwa sababu alichoka kuitwa mjinga. Akauliza kama haya hurithiwa. Nilimwambia ndiyo, tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia kama asilimia 74 ya tofauti kati ya mtu na mtu. Alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika. "Basi usimwache aitwe mvivu," akasema.

Maoni yangu juu ya kisa hiki ni haya. Kwa mtoto huyu vyote viwili vilihitajika, na kuanza na malezi kulikuwa sahihi, kwa sababu mama alipofikiwa na zile siku kumi na moja alikuwa na kitu cha kurudia. Kama tungeanza na kidonge asingekuwa nacho. Lakini wiki nane zilikuwa nyingi mno bila shule ndani yake. Sasa naenda kwa mwalimu wiki ya kwanza, kabla hata sijamfundisha mzazi kutoa amri. Mtoto wa miaka minne singemharakisha kwenye dawa. Na mtoto anayejirusha barabarani mbele ya tuktuk singemsubirisha wiki nane, wala nne. MTA yenyewe, watoto wale walipoangaliwa tena baada ya miaka mitatu, makundi manne yalikuwa yamelingana. Kwa hiyo simwambii mama yeyote kwamba kuna jambo tutakalolifanya mwaka huu likawa limekwisha.

Mara ya mwisho kumwona mtoto alikuwa na sentimita 121 na kilo 22. Kipimo bado ni miligramu 5 mara mbili, na daktari anapanga kumpumzisha dawa likizo ya Disemba aone. Mwalimu wake, aliyeandika kwa wino mwekundu, sasa ndiye anayekata kadi mwenyewe kwa rula, na amezitengeneza nyingine kwa watoto wawili aliowatambua.

Mtoto alinijia na kadi tupu mkononi. Alitaka ya chuoni, kwa sababu huko hana kidonge. Tuliketi tukaiandika pamoja. Mstari wa kwanza aliuchagua yeye: nimekaa mbele.